Kusoma Kanada kutoka Bukavu: barua ya chuo inapatikana, karatasi za nyumbani ndizo zinakwama

Vijana wa Bukavu wanaotafuta kuanza masomo Kanada mwezi wa Septemba 2026 wanasoma orodha ileile ya karatasi anayosoma kijana wa Dakar, wa Casablanca au wa Mumbai: barua ya kukubaliwa na chuo, paspoti, uthibitisho wa pesa, vipimo vya afya, alama za vidole. Orodha hiyo haina neno hata moja juu ya vita. Lakini tangu AFC/M23 iingie mjini katikati ya Februari 2025, karibu kila mstari wake unadai kitu ambacho ni vigumu kukipata hapa: ofisi inayotambuliwa na Kinshasa, benki yenye mlango wazi, au ndege ya kukufikisha huko karatasi zinakotolewa.

Matokeo yake ni kwamba mambo yamegeuka juu chini. Zamani mzazi wa Ibanda au wa Bagira aliona barua ya chuo kuwa ndiyo mlima. Leo barua hiyo ndiyo nyepesi. Kijana mwenye simu na kifurushi cha intaneti anaweza kutuma maombi Moncton, Ottawa au Sherbrooke bila kutoka kwenye kartie yake. Tena ana faida moja ambayo wengi hawaihesabu: biletini zake, diplome yake na relevé za chuo zimeandikwa kwa Kifaransa, na idara ya uhamiaji ya Kanada inapokea Kifaransa kama Kiingereza, bila tafsiri ya kulipia. Kijana wa Luanda au wa Khartoum hana bahati hiyo.

Taabu inaanza siku barua inapofika.

Orodha imerefuka tangu 2023

Kwanza ni vema kuelewa kwa nini Kanada inauliza zaidi leo kuliko miaka michache iliyopita. Mwaka 2023 kulizuka kashfa ya mamia ya wanafunzi wa India, wengi wao kutoka Punjab, walioingia Kanada kwa barua za vyuo zilizogunduliwa kuwa za uongo. Wengine walikuwa wamelipa mawakala na hawakujua kitu. Tangu tarehe 1 Desemba 2023, kila barua ya kukubaliwa inarudishwa kwa chuo ili kithibitishe chenyewe kwamba ndicho kilichoitoa. Chuo kisipojibu kwa wakati, faili haiendelei.

Tarehe 22 Januari 2024, waziri wa uhamiaji wa wakati huo, Marc Miller, akatangaza kikomo cha idadi ya wanafunzi wageni. Kikomo hicho kilizaa karatasi mpya: hati ya jimbo, inayothibitisha kwamba mwanafunzi huyo amehesabiwa ndani ya fungu la jimbo anakokwenda. Anayekwenda Québec anaijua kwa jina lingine, CAQ, ambayo ilikuwapo zamani. Chuo ndicho kinachomweleza mwanafunzi namna ya kuipata, na bila hiyo maombi mengi yanarudishwa kabla hayajafunguliwa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, wanaokwenda kusoma masta au udaktari katika vyuo vya umma wamesamehewa hati hiyo. Ni habari njema kwa waliomaliza UOB, UCB, UEA au ISP na wanaotaka kuendelea, lakini haimsaidii finaliste aliyetoka juzi kwenye mtihani wa serikali.

Na mlango wenyewe umepungua upana. Mpango wa Kanada wa 2026 unalenga kupokea wanafunzi wapya 155 000 kutoka dunia nzima. Mpango uliotangulia ulikuwa na 305 900 kwa 2025. Mahali palipokuwa na viti viwili pamebaki kimoja, na afisa anayesoma faili ana sababu zaidi ya kutafuta kasoro.

Paspoti na mzunguko wake

Karatasi ya kwanza inayokwama ni paspoti. Kongo inatoa paspoti kupitia Wizara ya Mambo ya Nje, na paspoti halali ni ile inayotoka Kinshasa tu. Bei, kwa mara moja, imeshuka. Enzi za kampuni ya Semlex mwananchi alilipa dola 185, na uchunguzi wa shirika la habari la Reuters mwaka 2017 ulionyesha kwamba dola 60 kati ya hizo zilikuwa zikienda kwa kampuni moja ya Ghuba. Mwaka 2020 bei ikawa 99. Paspoti mpya iliyozinduliwa Juni 2025 imewekwa dola 75.

Kwa mkaaji wa Bukavu, bei hiyo ni sehemu ndogo tu ya hesabu. Kinshasa haitambui hati zinazotolewa na utawala uliopo mjini. Serikali ya jimbo ilihamia Uvira baada ya Bukavu kuanguka, na kwa miezi kadhaa Uvira ndiyo ilikuwa njia ya wenye kutafuta muhuri wa serikali bila kutoka ndani ya Kivu Kusini. Tarehe 10 Desemba 2025 M23 iliingia Uvira pia, kisha ikatangaza kujiondoa. Aliyekuwa amepanga safari ya kwenda huko kutafuta karatasi alijikuta amepanga safari ya kwenda vitani.

Inabaki Kinshasa. Uwanja wa Kavumu ulichukuliwa tarehe 14 Februari 2025 na ndege za abiria zilizouunganisha mji na mji mkuu zikakoma. Barabara ya kutoka Bukavu hadi Kinshasa, kila mtu anajua habari zake. Mwenye uwezo anavuka Ruzizi, anapanda ndege nchi jirani na kuzunguka kupitia Addis Ababa au Nairobi, kwa sababu tangu Februari 2025 Kongo imefunga anga yake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda. Kwa maneno mengine, Mkongomani anatoka nje ya Kongo ili aingie Kongo kutafuta karatasi ya kumruhusu kutoka nje ya Kongo. Na safari hiyo ya kuzunguka, kwenye viwanja hivyo, inadai hati ya kusafiria ambayo ndiyo hiyo anayoitafuta.

Kuna tabaka jingine chini ya paspoti, ambalo halizungumzwi sana. Kongo haina kitambulisho cha taifa kilichoenea. Kadi ya mchaguzi ndiyo inayotumika mahali pake. Uandikishaji wa mwisho ulifanyika kwa ajili ya uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, na uliwahusu wale ambao siku hiyo wangekuwa wametimiza miaka 18. Kijana aliyezaliwa 2007, ambaye leo ndiye hasa anayetafuta chuo, hakuandikishwa. Hana kadi. Ana kadi ya shule na, akiwa na bahati, cheti cha kuzaliwa.

Akiwa na bahati, kwa sababu Sheria ya Familia inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto katika ofisi ya hali ya raia, na wazazi wengi huzipita bila kujua. Baada ya hapo inahitajika hukumu ya mahakama, jugement supplétif, ndipo cheti kitolewe. Mahakama za serikali mjini Bukavu zilisimama wakati mahakimu walipoondoka. Hukumu iliyotolewa na nani leo itapokelewa na nani kesho, hilo ni swali ambalo familia nyingi zinapendelea kutolifungua, na ni vigumu kuzilaumu.

Diplome, G3 na L2

Upande wa shule hauna giza sana, ila una mitego yake. Diplome ya serikali yenyewe huchelewa kufika kutoka Kinshasa, wakati mwingine miaka. Vyuo vingi vya Kanada vinakubali kuanza na hati ya muda ya kufaulu pamoja na biletini za miaka ya mwisho, mradi shule iweke muhuri na chuo kiweze kuwasiliana na prefe kwa barua pepe au simu inayojibiwa. Shule ambayo barua pepe yake ni ya prefe aliyekimbilia Bujumbura au Kinshasa inaweza kumkosesha mwanafunzi mwaka mzima bila mtu yeyote kuwa na kosa.

Kwa waliosoma chuo kikuu kuna suala la majina ya shahada. Mfumo wa zamani ulikuwa graduat ya miaka mitatu na licence ya miaka miwili juu yake. Mfumo wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, unaita licence ile miaka mitatu ya kwanza. Neno ni moja, shahada ni mbili. Afisa anayeona licence kwenye karatasi hawezi kujua kama ni ya miaka mitano au mitatu asipoelezwa, na mwenye L2 ya zamani anaweza kuhesabiwa chini ya alipo. Barua fupi ya chuo inayoeleza idadi ya miaka na mfumo uliofuatwa inamaliza tatizo hilo. Ni kazi ya nusu siku kwenye sekretarieti.

Pesa iliyopo lakini haionekani

Sehemu ya pesa ndiyo inayovunja faili nyingi, na si lazima kwa sababu familia haina kitu.

Kwa zaidi ya miaka 20, Kanada iliuliza mwanafunzi mmoja aonyeshe dola 10 000 za Kanada kwa maisha ya mwaka wa kwanza. Januari 2024 ikapanda hadi 20 635, na tangu tarehe 1 Septemba 2025 ni 22 895. Hiyo ni mbali na ada ya chuo na tiketi. Québec ina kiwango chake. Inafaa kukumbusha kwamba hizi ni dola za Kanada: watu wa Bukavu wanahesabu kwa dola za Marekani kila siku, na wapo waliokata tamaa bure kwa kudhani ni zile. 22 895 za Kanada ni kati ya 16 000 na 17 000 za Marekani. Bado ni pesa nyingi. Kwa mwalimu wa sekondari ni mshahara wa miaka.

Lakini mchukue mfanyabiashara wa Kadutu mwenye maduka mawili, au familia yenye nyumba ya kupangisha Nyawera na kaka mkubwa anayetuma pesa kutoka nje. Pesa hiyo wanaweza kuikusanya. Wanachoshindwa ni kuionyesha kwa namna afisa anavyotaka kuiona. Kanada inataja vithibitisho vinavyokubalika: karatasi za benki za miezi minne iliyopita, mkopo wa masomo kutoka benki, akiba maalumu iliyowekwa katika taasisi ya fedha ya Kanada, ushahidi kwamba ada na malazi vimeshalipwa, au barua ya mtu au taasisi inayolipa. Karibu vyote vinapitia benki.

Na benki za Bukavu zilifunga milango Februari 2025, na mwaka mzima ukapita bila kufunguliwa. Maisha yaliendelea kwa M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, kwa likelemba, kwa pesa ya mkononi, na kwa wanaovuka kwenda Rusizi kutoa noti. Uchumi wa namna hiyo unalisha mji, lakini hauachi alama ambayo mtu aliyekaa ofisini ng'ambo anaweza kuisoma. Likelemba inaweza kumpa mama dola 3 000 kwa zamu yake. Haiwezi kumpa karatasi yenye kichwa na muhuri. Historia ya simu inaonyesha kwamba pesa ilipita, haionyeshi ilitoka wapi.

Kinachofuata kinajulikana. Ndugu wanachanga, pesa yote inawekwa kwa siku moja kwenye akaunti ya mjomba Kigali au Kinshasa, karatasi inachapishwa, faili inatumwa. Afisa anaona akaunti iliyokuwa na dola 200 mwezi wa tatu na 17 000 mwezi wa nne. Anaandika kwamba chanzo cha pesa hakikuelezwa. Hata kama kila senti ni halali, faili imeanguka.

Waliopita mahali hapo wamefanya kinyume: wamelipa ada ya mwaka wa kwanza moja kwa moja kwa chuo na kuambatanisha risiti, au mdhamini aliye nje ametoa akaunti yake, mkataba wake wa kazi na barua inayoeleza udugu, kisha familia ya Bukavu ikaeleza kwa ukurasa mmoja kwa nini hakuna benki mjini. Jambo hilo la mwisho linadharauliwa mno. Afisa hana wajibu wa kujua kwamba benki za mji fulani wa Kivu zimefungwa. Mwombaji ndiye anayepaswa kumwambia, kwa tarehe, bila maneno ya kulia.

Tuongeze kwamba hata kulipa gharama za maombi, dola 150 za kibali na 85 za biometria, kunadai kadi ya benki ya kulipia kwenye intaneti. Mara nyingi anayelipa ni ndugu aliye Kigali, Nairobi au Montréal.

Kwa biometria yenyewe, Kinshasa si njia pekee. Mwombaji anaweza kutoa alama za vidole katika kituo cha nchi yoyote anakoruhusiwa kuingia kihalali, na kwa mkaaji wa Bukavu vituo vya Kigali, Kampala au Nairobi viko karibu kuliko mji mkuu wake mwenyewe. Barua ya kumwita inampa siku 30. Vipimo vya afya lazima vifanywe na daktari aliye kwenye orodha ya Kanada. Daktari wa hospitali ya mjini, hata awe bingwa wa namna gani, karatasi yake haipokelewi kama hayumo kwenye orodha hiyo.

Karatasi isiyotolewa na ofisi yoyote

Tuseme yote hayo yamepatikana. Bado kuna jambo moja ambalo halina dirisha la kuliombea, na ndilo linaloamua zaidi ya mengine. Kifungu cha 216 cha kanuni za uhamiaji za Kanada kinamtaka afisa aridhike kwamba mwanafunzi ataondoka Kanada muda wake ukiisha. Anatazama kilichomfunga mwombaji na nyumbani: familia, mali, kazi inayomngoja, hali ya nchi.

Kijana wa Bukavu aandike nini hapo? Akieleza vita ili kufafanua kwa nini hana benki wala paspoti ya mwaka huu, anampa afisa sababu ya kuamini kwamba hatarudi. Akinyamaza juu ya vita, faili yake inaonekana ina mapengo yasiyo na maelezo. Ukweli uleule unaomsaidia kwenye ukurasa wa pesa unamwumiza kwenye ukurasa wa kurudi. Hapa ndipo orodha moja kwa watu wote inapoacha kuwa ya haki, hata kama hakuna aliyekusudia.

Tatizo halikuanza na kuanguka kwa Bukavu, wala haliwahusu Wakongomani peke yao. Mei 2022 kamati ya uhamiaji ya Bunge la Kanada ilitoa ripoti juu ya viwango vya juu vya kukataliwa kwa wanafunzi wa Afrika, hasa wa nchi zinazosema Kifaransa, na hoja ya kutorudi nyumbani ilikuwa miongoni mwa zilizojadiliwa sana. Ni ajabu kidogo kwa nchi ambayo kwa upande mwingine inatangaza kwamba inatafuta wahamiaji wanaosema Kifaransa nje ya Québec. Sheria yenyewe, katika kifungu cha 22, inakubali kwamba mtu anaweza kuwa na nia mbili: kusoma, na baadaye kuomba ukaazi kwa njia halali. Kwenye faili za Waafrika nia ya pili imekuwa ikisomwa kama udanganyifu.

Jibu la Kanada lilikuja tarehe 26 Agosti 2024, kwa mradi wa majaribio kwa wanafunzi wa jamii za Kifaransa zilizo wachache, yaani zile za nje ya Québec. Nchi zinazohusika ni 33, nyingi za Afrika, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imo. Anayekubaliwa na chuo kinachoshiriki, kwa masomo ya miaka miwili au zaidi yanayofundishwa kwa Kifaransa, hatakiwi kuthibitisha kwamba ataondoka Kanada baada ya kusoma. Kiasi cha pesa kinachodaiwa ni kidogo pia: asilimia 75 ya kiwango cha kipato cha chini cha mji anakokwenda. Na akimaliza, njia ya kuomba ukaazi ipo wazi. Ndiyo njia pekee ambayo kijana wa Bukavu anaweza kueleza hali ya mji wake bila kujihukumu mwenyewe.

Ina masharti yake. Barua ya chuo lazima itaje mradi huo waziwazi; barua ya kawaida ya chuo kilekile haitoshi, na wengi wamekosea hapo. Inabidi pia kuonyesha kiwango cha Kifaransa kwa mtihani unaotambuliwa. Kumpa mtihani wa Kifaransa mtu aliyesoma kwa Kifaransa tangu darasa la kwanza hadi mtihani wa serikali kunachekesha, lakini ndivyo ilivyo.

Waliokataliwa, na makomisionere

Jambo moja limebadilika kwa faida ya waombaji bila kelele. Tangu mwishoni mwa Julai 2025, barua za kukataliwa kibali cha masomo zimeanza kuambatanishwa na maelezo ya afisa aliyefanya uamuzi. Zamani mtu alipata karatasi yenye sentensi za kunakili, na ili kuona kilichoandikwa ndani ilibidi apate mtu aliye Kanada wa kumwombea faili. Sasa anaweza kusoma kama tatizo lilikuwa pesa, mpango wa masomo au hoja ya kurudi, na kurekebisha hilo. Kutuma faili ileile mara ya pili, kama wengi wanavyofanya, ni kulipa dola 235 nyingine kwa jibu lilelile. Aliye nje ya Kanada ana siku 60 za kupeleka uamuzi mbele ya Mahakama ya Shirikisho, ambayo tangu Oktoba 2024 ina utaratibu mwepesi kwa kesi za vibali vya masomo.

Pengo la ofisi limeleta watu wa kulijaza. Makomisionere wa viza wamekuwapo Bukavu siku zote. Sasa wana wateja zaidi na wanauza zaidi: barua za vyuo, karatasi za benki, vyeti vya kuzaliwa vyenye mihuri ya ofisi zilizohama. Sheria ya Kanada inaruhusu kulipwa kwa kazi hiyo mawakili, wanotari wa Québec na washauri waliosajiliwa na chombo chao cha kitaaluma. Na adhabu ya karatasi ya uongo haimwangukii komisionere. Inamwangukia mwenye jina kwenye faili: miaka mitano bila kuruhusiwa kuingia Kanada, hata kama hakujua.

Ubelgiji, ambayo familia nyingi bado zinaifikiria kwanza kwa sababu ya historia na ndugu walioko Bruxelles au Liège, haina njia nyepesi zaidi. Huko mdhamini anatia sahihi fomu inayoitwa annexe 32 na kuonyesha mshahara wake, jambo linalosaidia pesa. Lakini cheti cha kuzaliwa, diplome na casier judiciaire vinapaswa kuhalalishwa na Wizara ya Mambo ya Nje, kisha na ubalozi, yaani Kinshasa tena.

Wengine wameamua kubaki kwenye kanda. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kanuni za soko la pamoja la jumuiya hiyo zinasema mwanafunzi wa nchi mwanachama apewe kibali cha masomo bila malipo akionyesha hati ya kusafiria, barua ya chuo na uwezo wa kujitunza. Utekelezaji unatofautiana nchi kwa nchi, na ada za Kampala au Nairobi zinalipwa kwa mhula, jambo ambalo likelemba inaliweza. Kwa familia nyingi za Bukavu huo ndio mpango halisi, na Kanada inasogezwa hadi masta, ambako hati ya jimbo haidaiwi tena.

Kwa wanaong'ang'ania mwaka huu, hesabu ni ya nafasi. Mwaka wa kwanza wa mradi wa Kifaransa ulikuwa na kikomo cha maombi 2 300. Mwaka wa pili, ulioanza tarehe 26 Agosti 2025 na utakaoisha tarehe 25 Agosti 2026, una 2 970, kwa nchi zote 33.